Sururu Hutangulia Mbio

Siku ya mbio za mlimani macho yote humwelekea mkimbiaji. Watu hujipanga kando ya njia, vigelegele hupigwa, jina la mshindi hutangazwa kwa kipaza sauti, na kesho yake magazeti huchapa picha yake. Lakini majuma mengi kabla ya siku hiyo kuna kundi jingine lililopita njia ile ile, polepole, migongo imeinama. Halikuvaa namba kifuani. Lilichukua masururu, mafyekeo, mitaimbo na makarai. Leo twataka kusema juu ya kundi hilo. Katika mazungumzo yetu ya michezo na utalii mkoani Mara halitajwi sana, na katika kazi yake mna swali ambalo mwanachama na mfanyakazi hawana budi kulijibu: mtu akitoa jasho lake bure kwa ajili ya njia, njia hiyo ni ya nani?

Twaandika haya tukiwa na vilima vya Tarime machoni. Bomani, kata ya mji wa Tarime ambayo jina lake latukumbusha boma la serikali, imo katika nchi ya miinuko. Ni nchi ya migomba, kahawa na mahindi, nayo huteremka kuelekea bonde la mto Mara. Ng'ambo ya mto ni Wilaya ya Serengeti na mji wake wa Mugumu, na mbele yake mbuga yenyewe. Mkazi wa huku hapandi kilima kwa ajili ya kutafuta afya. Mama anayepeleka mkungu wa ndizi sokoni amekwisha panda na kushuka kabla jua halijachomoza vema, na mtoto wa shule vivyo hivyo. Wala mkoa huu haukukosa wakimbiaji. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita, alilipatia Taifa medali ya fedha katika mita 5,000 kwenye michezo ya Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, kisha akashinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na tena mwaka 1988. Kwa hiyo kijana asemaye kwamba vilima vyetu vyafaa kwa mbio za mlimani haoti ndoto za mchana. Miguu ipo, na vilima vipo. Kinachotakiwa kuzungumzwa ni njia.

Wengi hudhani kwamba kutengeneza njia ya mlimani ni kufyeka majani tu. Kufyeka ni kazi ya siku ya kwanza. Kazi iliyobaki, ambayo ndiyo kubwa, ni kugombana na maji. Mvua ikiikuta njia inayoshuka mlima moja kwa moja, huifanya mfereji wake. Mwaka wa kwanza huacha mkwaruzo, mwaka wa pili mtaro, mwaka wa tatu korongo. Mpita njia hulikwepa korongo kwa kukanyaga majani ya pembeni, na hapo njia ya pili huzaliwa, nayo huchimbika kama ya kwanza. Iko milima ambayo ujia mmoja umekuwa minne au mitano, yote sambamba, yote myekundu, kama mikwaruzo ya makucha juu ya kifua cha mlima. Udongo uliokuwa pale umekwisha teremka mtoni.

Dawa ya ugonjwa huu ni ya zamani, nayo haihitaji mashine. Njia hupindishwa ili iukate mlima kwa mshazari. Ukingo wake unaotazama bondeni huachwa chini kidogo kuliko ule unaotazama kilele, ili maji yaivuke njia badala ya kutembea ndani yake. Penye mteremko mkali mawe makubwa huzikwa kukatiza njia kwa mshazari, na sehemu kubwa ya jiwe huwa chini ya ardhi, ili maji yakiligonga yageukie kando. Jiwe lililotuliwa juu juu ni la hatari kuliko kutokuwa na jiwe kabisa, kwa maana mkimbiaji ataliamini, nalo litaviringika. Kisha mdomo wa kila mchirizi hufunguliwa mpaka mbali, kwani mchirizi ulioziba ni sawa na usiokuwapo. Na mwishoni, kwenye kila kona, njia za mkato hufungwa kwa matawi na mawe, maana binadamu akiona mkato huupita, hata akiwa na adabu zake zote, na maji humfuata nyuma.

Mfanyakazi wa barabara aliyewahi kuchimba mitaro atatuelewa bila kuongezewa neno. Huyo ndiye angefaa kuwa msimamizi wa kwanza wa kikosi, kuliko mheshimiwa yeyote. Na anayetaka kujua kama kikosi kimefanya kazi njema asiende kukagua siku ya jua. Aende mvua inaponyesha, avae koti lake, asimame penye kona atazame maji yanaelekea wapi.

Kwetu Mara kuna adui mwingine, naye twataka kumweleza kwa kirefu kwa kuwa ndiye atakayeweza kuigeuza nia njema kuwa hasara. Ni gugu ambalo wataalamu huliita Chromolaena odorata na wenyeji wa mkoa huu huliita amachabongo. Asili yake ni bara la Amerika. Huota upesi pale udongo ulipochokozwa, husongamana mpaka likafunika malisho, laweza kuwadhuru mifugo wakililisha, na likikauka hushika moto kwa urahisi. Mbegu zake ni nyepesi, zina manyoya. Hupeperushwa na upepo, na hung'ang'ania nguo, manyoya ya wanyama na magurudumu ya magari. Mfugaji wa Tarime au wa Serengeti anayelitazama likikaribia malisho yake hahitaji hotuba yetu.

Sasa na tufikiri. Kikosi cha wanaojitolea, chenye moyo safi kabisa, chaingia katika kichaka cha gugu hilo likiwa limekwisha beba mbegu. Chafyeka, chaimba, chafurahi. Kisha chapanda na viatu vile vile na mafyekeo yale yale hadi kilima ambacho gugu halijafika. Kikosi kile kimefanya kazi ya mpanzi. Na baada ya majuma mawili waje wakimbiaji mia tatu, kila mmoja na soksi zake, wamalizie kupanda. Isitoshe, kufyeka peke yake ni kulipogoa tu gugu hili. Kisiki huchipua tena, na machipukizi huwa mengi kuliko shina la kwanza. Lazima lichimbwe na mizizi yake, tena kabla halijachanua. Viatu na vyombo vya kazi vioshwe na kukaguliwa mahali pamoja kabla ya kupanda, na siku ya mbio vivyo hivyo kwa viatu vya wakimbiaji, hata wale waliotoka mbali kwa ndege na viatu vya bei kubwa. Hasa wao.

Ndiyo maana twasema kwamba kikosi cha hifadhi si lundo la watu wenye nguvu. Chahitaji mtu ajuaye miti, ajuaye udongo, ajuaye mahali wanyama wanapopita kwenda kunywa maji. Bwana misitu awepo. Mzee wa kijiji anayejua chemchemi ziko wapi awepo pia, na maneno yake yapewe uzito ule ule.

Tutazame wenzetu wanavyofanya. Huko Kenya, katika hifadhi ya Lewa iliyo kaskazini ya Mlima Kenya, watu wamekuwa wakikimbia kila mwaka tangu 2000 katika nchi yenye faru, tembo na simba. Kazi kubwa ya siku ile hufanywa na askari wa wanyamapori. Ndege na helikopta huruka kuwasogeza wanyama mbali na njia, na askari wenye silaha husimama kwa zamu mkimbiaji apite salama. Fedha zinazochangwa husaidia ulinzi wa wanyama, na pia shule na zahanati za majirani wa hifadhi. Karibu nasi zaidi, katika ukanda wa magharibi wa Serengeti, wanawake hukimbia kwa muda wa siku tatu wakichangia maendeleo ya wasichana wa vijiji vya jirani, nao huandamana na askari wa wanyamapori. Haya ni mambo mema. Twaona, hata hivyo, kwamba katika mbio za namna hii mwanakijiji mara nyingi ni mpokeaji wa msaada. Njia si kazi ya mikono yake, wala hatoi amri juu yake.

Huko Kameruni hali ni nyingine kidogo. Tangu mwaka 1973 watu wa Buea wamekuwa na mbio zao za kuupanda Mlima Kameruni, mlima wa volkano unaozidi mita 4,000. Mkimbiaji huondoka uwanja wa Molyko, hupita mjini, huingia msituni, hutoka penye majani na majivu ya volkano, hufika kileleni, na hurudi pale pale uwanjani siku ile ile. Malkia wa mbio zile ni Sarah Liengu Etonge, mwanamke wa pale pale mlimani, aliyeshinda mara saba. Mlima ule umewapa wenyeji mashujaa wao wenyewe, wanaojulikana kwa majina mtaani. Hilo ndilo tungependa kuliona Tarime.

Lakini desturi iliyotupendeza kuliko zote yatoka Marekani, nchi ambayo si kila siku twatafuta mafundisho kwake. Katika jimbo la California kuna mbio za milimani ziitwazo Western States, zenye urefu wa kilomita 160 hivi, ambazo asili yake ni ya miaka ya 1970. Anayepata nafasi ya kukimbia hana budi kwanza kutimiza saa 8 za kazi ya kujitolea, ama ya kutengeneza njia ama ya kuwahudumia wakimbiaji wengine. Tajiri na maskini, daktari na dereva, wote saa 8. Sharti hili lina hekima kubwa. Aliyewahi kuzika jiwe moja kwa mikono yake hatalisukuma pembeni kwa teke ili apite upesi, na aliyechimba mchirizi hautupii chupa ya plastiki.

Tarime ikitaka mbio zake, twashauri sharti hilo liwe la kwanza katika karatasi ya kujiandikisha. Mkimbiaji wa Dar es Salaam, wa Nairobi au wa London afike siku moja mapema, ashike sururu kilimani pamoja na vijana wa hapa, ale ugali nao. Na asiruhusiwe kununua msamaha kwa fedha. Mara jembe litakapopata bei ya kulikimbia, tutakuwa tumerudia mambo ya zamani, ya mwenye nacho kupumzika na asiye nacho kuchimba.

Kuhusu majina yanayosahauliwa, mfano wetu mkubwa ni Kilimanjaro. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha mlima ule. Taifa limelihifadhi jina lake, na limefanya haki. Lakini njia za kukifikia kilele kile zilikanyagwa na kusafishwa kwa miaka mingi na waongozaji na wapagazi wa Uchagani, wenye mizigo kichwani, ambao wengi wao hawamo katika kitabu chochote. Hata leo mtu akisoma kwamba mwaka 2006 Mtanzania Simon Mtuy aliupanda na kuushuka mlima ule kwa muda usiofika saa kumi, akijibebea mahitaji yake mwenyewe, au kwamba mgeni Karl Egloff alifanya hivyo mwaka 2014 kwa saa sita na dakika arobaini na kitu, na akumbuke kwamba miguu ile ilikanyaga ngazi za mawe na magogo ambazo mtu fulani alizipanga, na mwingine akazirudishia baada ya mvua.

Na njia haina faida kwa mchezo peke yake. Oktoba 2020 moto ulipozuka katika mlima huo huo, upande wa njia ya Marangu, mamia ya watu walipanda kwenda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa Chuo cha Mweka, wapagazi, wanavijiji. Walipanda kwa njia gani? Kwa zile zile za wapandaji. Maji, chakula na vyombo vyao vya kuzimia moto vilipita hapo hapo. Kilima kisicho na njia nzuri kikishika moto hutazamwa tu kwa mbali kikiungua, na mgonjwa wa juu huteremshwa kwa machela akiwa amekwisha zidiwa. Mama mjamzito wa kitongoji cha juu ana haki katika ujia ule kuliko mkimbiaji yeyote, maana yeye ataupita mwaka mzima, na pengine usiku.

Hapa ndipo twarudi kwenye swali letu la kwanza. Chama hiki na neno kujitolea ni marafiki wa siku nyingi. Kabla ya vyama na serikali kulikuwa na desturi zenyewe: Wapare na Wachaga wana msaragambo, na hakuna kabila la nchi hii lililokosa njia yake ya kuitana kulima, kujenga au kuchimba mfereji pamoja. Uhuru ulipopatikana, wito wa Uhuru na Kazi uliikuta desturi hiyo tayari, nao wananchi wakaitika kwa maelfu. Mwalimu mwenyewe, Oktoba 1967, alitembea kwa miguu kutoka Butiama katika mkoa wetu huu hadi Mwanza kuliunga mkono Azimio la Arusha, na hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anawatuma wengine mahali asikokwenda.

Lakini kuna historia nyingine, ambayo mwenye kuipenda kazi ya kujitolea hana budi kuijua. Wakoloni nao walipenda sana njia na matuta yatengenezwe bila malipo. Iliitwa shokoa, na wazee wetu waliijua. Mwaka 1955 huko Uluguru serikali ya kikoloni iliwalazimisha wananchi kuchimba matuta milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Ugonjwa waliokuwa wakiutibu ulikuwa wa kweli. Udongo ulikuwa ukiteremka. Lakini mkulima hakuulizwa, alihesabiwa vijiti na kutozwa faini, na matuta yale yalimchosha bila kumwongezea mavuno. Wananchi wakakataa, ghasia zikazuka, na damu ikamwagika. Mpango ukavunjika. Mtaalamu alikuwa na elimu yake, akaikosa imani ya watu, na milima ya Uluguru ikaendelea kumomonyoka.

Na baada ya Uhuru hatukuwa bila kasoro. Katika miaka ya 1962 na 1963 ari ya wananchi ilikuwa kubwa kuliko mipango. Ziko barabara zilizochimbwa kwa mikono na nyimbo zikaishia penye mto usiokuwa na daraja, na ziko zahanati zilizosimamishwa bila dawa wala mganga. Watu hawakuchoshwa na kazi. Walichoshwa na kuona kazi yao ikiota majani. Kijana aliyeshuhudia hayo akiwa mtoto, ukimwita leo akiwa mzee wa miaka sabini ushei, atakuuliza kwanza: na daraja je?

Mfanyakazi anayejua haki zake ana kipimo kizuri cha jambo hili. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaokataza kazi ya kulazimishwa, hauzitii katika katazo hilo huduma ndogo za jumuiya zinazofanywa na wanajumuiya kwa faida yao wenyewe ya moja kwa moja. Lakini wasema kwamba wanajumuiya au wawakilishi wao wana haki ya kushauriwa kama huduma hiyo yahitajika. Faida ya moja kwa moja, na kushauriwa. Tuuchukue ujia wa mbio za Tarime tuupime kwa maneno hayo mawili.

Kama ujia utatumika siku moja kwa mwaka kwa faida ya kampuni ya kuandaa mbio, ambayo hukusanya viingilio na kuuza matangazo ya vinywaji, basi kumwita kijana wa kijijini akachimbe bure kwa jina la uzalendo ni kulichezea neno takatifu. Alipwe ujira wake, kama anavyolipwa mpiga picha na mwenye muziki. Hatusemi biashara ni dhambi. Twasema biashara ilipe gharama zake. Lakini kama ujia utapitishwa mahali watu wanapopita kwenda shule, zahanati na sokoni, kama kijiji kimekaa mkutano kikaukubali, na kama sehemu inayojulikana ya viingilio itaingia katika mfuko wa kuutunza, hapo kujitolea kuna maana, na sisi tutakuwa wa kwanza kuwahimiza wanachama wa Bomani na kata nyingine kuamka alfajiri.

Mkutano huo usifanywe kwa haraka. Vilima vya Tarime vina wenyewe. Ugomvi wa ardhi baina ya koo umewahi kumwaga damu katika wilaya hii, na ujia unaokatiza kutoka ardhi ya ukoo mmoja kwenda ya mwingine, ukichorwa na mtu aliyekaa hotelini na ramani, waweza kuamsha yaliyolala. Ukichorwa na wazee wa pande zote mbili wakitembea pamoja, waweza kuwa mpaka usiogombaniwa. Kikosi kichanganywe vijana wa koo zote, wala kila ukoo usipewe kipande chake peke yake. Na vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, ambavyo kwa miaka mingi vimelisikia neno hifadhi likija na makatazo na kesi za kuingiza mifugo, vipate kuliona neno hilo likija, walau mara moja, na mashauriano.

Yako na mambo madogo ambayo hayawi madogo yakisahauliwa. Siku ya kazi, nani anapika? Mara nyingi tumeona kazi ya kujitolea ya wanaume hamsini ikilishwa na wanawake kumi walioamka saa kumi usiku kuteka maji na kutafuta kuni, na jioni orodha ya waliojitolea ina majina hamsini. Orodha ile ni ya uongo. Iandikwe yenye majina sitini, au wanaume washike mwiko kwa zamu. Mtu akiangukiwa na jiwe, gari ni lipi, na gharama ya hospitali ni ya nani? Lijibiwe kabla ya jiwe kuanguka. Wanafunzi wasitolewe darasani. Waje Jumamosi kama wazazi wao wamekubali, wafanye kazi nyepesi, wafundishwe majina ya miti.

Na viongozi? Karibuni sana. Ila yule anayefika saa nne asubuhi, akapewa sururu mpya yenye kung'aa, akapigwa picha ameiinua juu, akaondoka saa nne u nusu kwa kuwa ana kikao, huyo angetufaa zaidi kama angebaki kwenye kikao chake. Kikosi hakihitaji picha ya sururu isiyogusa ardhi. Kiongozi aje saa kumi na mbili na wenzake, azike mawe yake, na kama mgongo hauruhusu, ashike daftari la majina na kuhesabu vyombo, maana hiyo nayo ni kazi, na bila yake masururu ishirini ya asubuhi huwa kumi na saba jioni.

Mbio zikiisha, utepe wote uliofungwa mitini ufunguliwe siku ile ile, na mabango yang'olewe. Kamba iliyosahauliwa shingoni mwa mti mchanga huukaba kadiri unavyokua, na kipande cha plastiki kilichobaki malishoni huishia tumboni mwa ng'ombe. Majina ya kikosi yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, chini ya jina la mshindi, kwa herufi za ukubwa ule ule. Vyombo vioshwe, vihesabiwe, virudi ghalani. Na masika yatakapokwisha, watu wale wale waupande ujia tena, wakiangalia kila jiwe na kila mchirizi, waone maji yamefanya nini.